Vumbi jeupe la Chianti

Jamani, nimerudi sasa hivi kuendesha baiskeli. Miguu inatetemeka, vumbi jeupe limenijaa mpaka kwenye kope.

Nipo Toscana, Italia. Asubuhi nimeanzia Gaiole in Chianti, mji mdogo ambako msafara wa baiskeli za zamani uitwao L'Eroica ulianzishwa mwaka 1997, kwa nia ya kuziokoa hizi barabara za changarawe zisimwagiwe lami. Wenyewe wanaziita strade bianche, barabara nyeupe.

Kupanda kuelekea ngome ya Brolio ndiko kulikonitoa jasho. Gia nyepesi kabisa, bado pumzi inakata! Pembeni miti mirefu, myembamba, ikanikumbusha mivinje ya ufukweni kwetu Tanga.

Nikafika juu. Nikashusha mguu.

Kimya.

Hakuna gari. Hakuna honi.

Nikasikia kitu kimoja tu: mikasi. Kacha. Kacha. Kacha. Wavunaji walikuwa ndani ya mizabibu, siwaoni, nasikia tu vichala vya zabibu vikikatwa na kudondoka kwenye kreti. Nilisimama pale muda mrefu. Sikutaka hata kusogeza baiskeli, changarawe isije ikalia.

Miaka yote nimeendesha nikibanwa na malori Barabara ya Morogoro. Sikujua masikio yangu yalikuwa yamechoka kiasi hicho.

Wenzangu wa baiskeli, nyie mnapata wapi njia isiyo na magari? Lushoto? Iringa? Kule Dodoma kwenye mashamba ya zabibu?

Nitajieni. Desemba narudi nyumbani, na baiskeli nakuja nayo.