Ramadhani ya 2012 Ndani ya Meli ya Vita

Kwetu Lamu kaskazini inaitwa kibla, na kusini ni suheli. Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja, kwa hivyo hata mtoto anajua aelekee wapi. Mimi sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka Ramadhani ya 2012, nilipofunga takbira nimeelekea kibla na kutoa salamu nimeelekea suheli. Nilikuwa sijasogea. Meli ndiyo iliyogeuka.

Meli ya doria haina inakokwenda. Huenda ikarudi, ikaenda ikarudi, kama mwanamume ambaye mkewe yuko leba. Jeshi letu lilikuwa limeingia Somalia Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara Kiwayu na Manda, na sisi wanamaji tukapewa bahari. Bandari ya Kismayu ilikuwa bado mikononi mwa al-Shabaab. Mkaa ulitokea huko, na Februari ya mwaka ule wa 2012 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeupiga marufuku. Kila chombo kilichopita ilibidi kitazamwe.

Babangu, aliyezeeka akiendesha jahazi, aliniambia kabla sijaondoka: "Mwanangu, msafiri ana ruhusa. Kula, utalipa." Nikamwitikia, "Naam, baba," na moyoni nikasema nitafunga zote. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Kiu haikunishinda. Julai na Agosti ni kusi, kuna upepo na mawingu, na ukisimama sitahani hutoki jasho sana. Kilichonishinda ni usingizi.

Siku melini hukatwa vipande vya saa nne nne. Unafanya zamu kwa muda wa saa nne, unapumzika kwa saa nane, unarudi tena. Mimi nilikuwa mtu wa kuangalia, yaani unasimama nje na darubini na kutaja kila unachokiona: chombo, boya, gogo, ndege. Zamu yangu ilikuwa saa kumi hadi saa mbili, alfajiri na jioni. Hesabu basi. Daku niile saa tisa na nusu usiku, kabla ya kupanda. Nikishuka saa mbili, wenzangu wanakunywa chai na mimi naitwa kwenye usafi. Vita au si vita, meli husuguliwa. Mwezi ule sikupiga risasi hata moja, lakini kutu niliyoikwangua ingejaza madebe. Mchana ukijitupa kitandani, na vitanda vyenyewe vimepangwa vitatu kwenda juu hata huwezi kukunja goti, kengele ya mazoezi inalia na kila mtu anakimbilia mahali pake na kofia ya chuma. Na kusi nalo linakurusha huku na huku kama gunia la nazi.

Futari nayo ilinikuta juu, katikati ya zamu. Nilikuwa na tende tatu mfukoni, zimeshashika chumvi ya bahari. Saa za Lamu hazikunifaa, maana kila digrii moja ya kwenda mashariki jua hukutangulia kuzama kwa dakika nne, na tukiwa usawa wa Kismayu tulikuwa mbele ya nyumbani kwa dakika kama sita. Afande wa ramani alinifanyia hesabu hiyo kila siku bila kuombwa, na yeye si Mwislamu.

Siku ya nne nikasinzia nikiwa nimesimama, darubini iko machoni. Sajini wa zamu alinigusa bega. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninataka kuwazika wenzangu. Nikasema, "Hapana, afande." Akasema, basi kula au tafuta njia.

Njia ilikuwa Mkamba mmoja niliyelala chini ya kitanda chake. Yeye alikuwa na zamu ya saa sita hadi saa kumi, usiku na mchana, ambayo hakuna anayeipenda kwa sababu inaupasua usiku katikati. Kwangu mimi ilikuwa dhahabu. Ningeshuka saa kumi alfajiri, nikale daku kwa utulivu, niswali, nilale mpaka usafi wa saa tatu. Mchana ningeangalia mpaka saa kumi, na jioni ningefuturu nimekaa kitako mezani kama binadamu. Mkamba akakubali tubadilishane, kwa bei: nyama yangu ya mchana, mwezi mzima. Sajini akatia sahihi na kucheka.

Mengine yalikuwa madogo. Maji ya kunywa nilisambaza usiku, kikombe kila niamkapo, badala ya kujijaza daku halafu yote yakatoka kabla ya saa tatu. Maji yasiyo ya chumvi yalikuwa ya kupimiwa, basi udhu nilitia kwa kikombe kimoja, na inawezekana kabisa. Jua likizama madirisha yalifungwa na ndani zikawashwa taa nyekundu, ili anayepanda zamu asipande kipofu, kwa kuwa jicho huchukua karibu nusu saa kulizoea giza. Chini ya taa ile nyanya huonekana nyeupe. Mpishi, mtu wa bara, alitupa githeri wiki nzima ya kwanza, mpaka nikaingia jikoni nikampikia tambi za sukari kwa maziwa ya unga na iliki. Nazi haikuwepo, na mamangu asingeziita tambi. Ziliisha.

Siku tatu nilikula. Mbili nilitapika kwa mawimbi mpaka nikanywa maji. Ya tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulisimamisha mashua karibu na visiwa vya Wabajuni, upande wa Chovai na Chula, nami nikashushwa kwenye boti ya mpira pamoja na wapekuzi kwa sababu ya lugha. Mzee aliyeshika usukani aliinua mikono. Nikamtolea salamu, akaitikia, akanitazama bunduki, kisha uso. Akaniuliza kwa Kibajuni mimi ni wa wapi. Nikamwambia Amu, yaani Lamu. Akauliza kama nimefunga, nami nilikuwa nimekunywa maji nusu saa kabla. Nikasema hapana. Yeye alikuwa amefunga. Tulipekua: nyavu, samaki wa chumvi, gunia la unga. Hakuna kitu. Mtoto wake, kama miaka kumi, hakuteremsha mikono hata tulipokwisha kuondoka.

Sikuweza kumsimulia mtu hilo mezani. Nilifuturu nao bila kufunga.

Baada ya hapo siku zilikwenda. Sikusinzia tena juu, na nyama sikuionja mchana hata mara moja, maana Mkamba alikuwa mtu wa mkataba. Jioni ya ishirini na tisa nilikuwa nimelala ile saa moja yangu baada ya futari. Zamu ilikuwa yake. Simu ya mesi ikalia, mtu akanitikisa akasema naitwa kutoka juu. Nikaogopa, nikadhani ni kengele imenipita.

Ilikuwa sauti ya Mkamba, anaripoti kama anavyoripoti chombo.

"Mwezi," akasema. "Upande wa kushoto, juu ya nchi kavu. Mwembamba sana. Nimeshamwambia afande. Kesho nyama ni yako."