Bika ya nne

Usiku wa mvua za kwanza, saa nane, opereta wa zamu alinigongea mlango wa maabara ya mtambo wetu wa kusafisha maji. "Dada, maji yamekuwa chai ya maziwa. Niongeze shabu?"

"Kaka, nipe saa moja."

Shabu ndiyo dawa inayokusanya tope lishuke chini. Saa hiyo moja naitetea kila siku kazini. Ukutani tuna jedwali: tope likiwa hivi, shabu weka hivi. Lakini tope likipanda mara kumi, shabu haipandi mara kumi, na mto huohuo hautaki kipimo kilekile Machi na Agosti.

Nikapanga bika sita, vikombe vya maabara, kila moja na lita moja ya maji ya mto. Shabu naiyeyusha gramu 10 kwa lita ya maji safi, hivyo kila mililita ninayovuta kwa sindano inatia miligramu 10. Nilianza na miligramu 20, nikapanda kumi kumi hadi 70. Mashine ikakoroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole dakika 20. Hapo ndipo huwa nainama na tochi. Bika ya kwanza, kimya. Ya tatu, chembe kama vumbi la unga. Ya nne ikaanza kufanya madonge manene, kama tui lililokatika, na mashine ilipozimwa yakashuka taratibu, juu maji yakabaki yanang'aa. NTU 3, yaani kipimo cha ukungu wa maji.

Ya sita, yenye shabu kuliko zote, ilikuwa na ukungu. NTU 11, na pH, kipimo cha asidi, imeshuka hadi 5.3. Shabu hula alikalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, takribani nusu miligramu kwa kila miligramu yake, na maji ya mvua huja nayo kidogo. Usiku ule nilipima miligramu 32 tu kwa lita. Ikiisha, maji yanakuwa na asidi, madonge hayajengeki vizuri, na aluminiamu inabaki imeyeyuka, inapita kwenye chujio la mchanga hadi kwenye ndoo ya mama wa watu. Hili linaniuma. Opereta angekisia kwa macho, angeona ukungu, angeongeza tena.

Miligramu 50 kwa lita, kwa mtambo unaopitisha mita za ujazo 500 kwa saa, ni kilo 25 za shabu kila saa. Nikamwandikia kwenye karatasi, akaenda kurekebisha pampu. Mifuko ya chokaa, inayorudisha alikalini, tukaisogeza karibu, maana mto ukizidi kuchafuka shabu itapanda, na alikalini haitatosha.

Saa kumi na mbili alfajiri tulisimama juu ya tangi la kutuamishia. Ngazi ya chuma ilionekana vidato vitatu chini ya maji. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikarudi kuosha bika.