Waskoti ninaowasikiliza, na zumari nimeziweka pembeni

Ukitaja muziki wa Uskoti watu wengi wanawaza zile zumari za mfuko, wanaume wa sketi za drafti, gwaride linapita, basi. Sina ugomvi na zumari jamani (hata Oman jeshini wanazipiga, wengine juu ya ngamia, ingia YouTube utaona) ila mimi kilichonishika ni sauti ya mtu, tena mtu anayeimba peke yake bila chombo chochote, na karibu kila albamu ninayoipenda ukiifuatilia vizuri inarudi huko huko.

Grit ya Martyn Bennett ndiyo namba moja kwangu, sibishani na mtu. Ilitoka 2003 kwenye Real World, lebo ile ile iliyotoa En Mana Kuoyo ya Mkenya Ayub Ogada mwaka 1993, kwa hiyo kama unaijua ile nyatiti ya Ogada ujue hawa ni majirani wa rafu moja. Bennett alikuwa fundi wa zumari na fidla, kasomea muziki wa kizungu wa darasani huku usiku anashinda klabu za dansi, halafu kansa ikampata, ikafika mahali kupiga mwenyewe hawezi tena. Akachukua rekodi za zamani za wazee na kina mama wakiimba kavu kavu, akaziwekea biti chini yake. Najua inavyosikika ukielezwa hivi, unawaza zile rimiksi zinazoharibu nyimbo za watu, lakini hapa bibi ndiye anayeongoza na biti inamfuata. Wimbo wa kwanza, Move, sauti ni ya Sheila Stewart, mwanamke wa ile jamii ya Waskoti wa kuhamahama, na anachoimba ni habari ya watu wake kufukuzwa kila wanapopiga kambi, nendeni, nendeni, ondokeni hapa, wimbo kautunga Ewan MacColl lakini Sheila anauimba kama vile polisi bado wako nje ya hema. Biti inagonga na wewe unataka kucheza na huku unaona aibu kucheza. Bennett alifariki Januari 2005, ana miaka 33.

Sasa hizo sauti zilipatikanaje? Hapo lazima umtaje Hamish Henderson. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha School of Scottish Studies, na Henderson akawa anazunguka na mashine ya kurekodia, sehemu ambazo wasomi wengi walikuwa hawakanyagi. Kule Blairgowrie kila kiangazi watu wa kuhamahama walikuja kuchuma rasiberi mashambani, jioni moto unawashwa, nyimbo zinaanza, na yeye yuko hapo hapo na mashine yake. 1953 akampata Jeannie Robertson mjini Aberdeen, mama wa kawaida tu mtaani kwake, kumbe kichwani ana nyimbo za karne na karne! Binti yake Lizzie Higgins naye aliimba, na ndiye unayemsikia kwenye Blackbird ndani ya Grit. Mimi kwa siri nampenda Lizzie kuliko mama yake, sauti yake inapinda pinda kama zumari yenyewe, na baba yake alikuwa mpiga zumari kwa hiyo siyo bahati mbaya.

Visiwani kule magharibi, wanakozungumza Kigaeli, kuna nyimbo za kina mama za kupiga kitambaa. Kile kitambaa kizito cha sufu kikitoka kufumwa kilikuwa kinalowekwa kwenye mkojo uliochacha (ndiyo, mkojo), halafu wanawake wanakaa kuzunguka meza ndefu wanakigonga gonga na kukizungusha mpaka kijikaze. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na kiitikio mara nyingi hakina maana yoyote, ni sauti tu za kushikilia mdundo. Aliyewahi kusikia kina mama wakitwanga huku wanaimba hahitaji maelezo zaidi. Capercaillie, bendi ya Oban, walichukua wimbo mmoja wa namna hiyo, Coisich a Rùin, wakauwekea vyombo vya kisasa na Karen Matheson akauimba, na mwaka 1992 ukaingia 40 bora ya Uingereza, wimbo wa kwanza wa Kigaeli cha Uskoti kufika huko. Kinanda chake kimezeeka kidogo siku hizi nakubali, ila sauti ya Karen haijazeeka hata chembe.

Upande wa gitaa ni Dick Gaughan wa Leith, albamu Handful of Earth, 1981. Gazeti la Melody Maker liliipa albamu ya mwaka, na miaka ya 80 ilipoisha jarida la Folk Roots likaiita albamu ya muongo. Sikiliza Now Westlin Winds, shairi la Robert Burns, msimu wa kuwinda umeanza, jamaa anataja ndege mmoja mmoja na mahali anapopenda kukaa, yupi wa mashambani, yupi wa milimani, kisha anamlaani binadamu na bunduki yake, kisha ghafla kumbe alikuwa anamtongoza msichana anaitwa Peggy! Gaughan anatafuna maneno kwa lafudhi nzito, nusu huelewi, na gitaa haitulii mahali pamoja. Alipata kiharusi 2016 akaacha majukwaa.

Ukitaka raha tupu bila kufikiri sana basi bendi ya Silly Wizard, zile rekodi za jukwaani walizofanya Marekani 1985, Live in America na Golden, Golden. Phil Cunningham kwenye akodiani, kaka yake Johnny kwenye fidla, wanakimbizana spidi ambayo sielewi vidole vinapumua saa ngapi. Halafu mwimbaji wao Andy M. Stewart anaingia na wimbo wa taratibu na ukumbi wote kimya (hiyo M msiiruke, kuna Andy Stewart mwingine mzee wa nyimbo za wanajeshi na sketi, siyo huyu).

Ayalandi nitaje bendi moja tu, Planxty, albamu yao ya kwanza ya 1973. Christy Moore na wenzake wanaimba The Raggle Taggle Gypsy, bouzouki, chombo cha nyuzi cha Kigiriki, inachapa, na wimbo ukiisha haujaisha, Liam O'Flynn anapokea kwa zile zumari za Ayalandi zinazopulizwa kwa kiwiko, mdomo haugusi, na polepole inageuka kuwa muziki mwingine kabisa. Ule mgeuko nimeurudisha nyuma mara nyingi mno.

Rekodi nyingi za Henderson na wenzake zimewekwa bure mtandaoni, tovuti inaitwa Tobar an Dualchais. Msikilize Lizzie kavu kwanza, Grit baadaye. Na Runrig, bendi ya roki ya Kigaeli, nimewaacha makusudi, najua mashabiki wao watakuja juu, waliaga jukwaa mjini Stirling 2018 kwa heshima zote na Kigaeli chao nakisikiliza, lakini yale magitaa ya uwanjani yananimezea waimbaji.