Sheria iliyompeleka binti yangu chuo, na yule mama wa Kingsville

Binti yangu kapata UT Austin, chuo kikuu cha umma cha Texas! Hatumjui mtu pale, hatukupiga simu kwa yeyote, kapata kwa sababu alikuwa kati ya wale wa juu kabisa shuleni kwake. Na shule yenyewe ni hii ya mtaani kwetu Houston, watoto wa Wamexico, Wahonduras na sisi wachache wa Afrika, ukiitaja kwa watu wa mitaa ya pesa wanakuuliza iko wapi. Nikawa najiuliza huu utaratibu kauleta nani, mpaka dada mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa huko kusini karibu na mpaka wa Mexico, akanitajia jina: Irma Rangel. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasoma tu.

Huyu mama ni wa Kingsville, mji wa kusini mwa Texas, wazazi wake walishachuma pamba, yeye akawa mwalimu halafu mwanasheria, na mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Mexico kuchaguliwa bunge la jimbo la Texas. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuongoza MALC, yaani ule umoja wa wabunge wenye asili ya Mexico, ulioanza 1973. Sasa mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikazuia vyuo vya Texas kuangalia asili ya mwanafunzi wakati wa kuchagua, watoto wa Kilatino na weusi wakaanza kupungua. Rangel akaja na muswada kwenye baraza la wawakilishi, Gonzalo Barrientos akaubeba kwenye seneti: kila shule ya sekondari, asilimia 10 ya juu wanaingia chuo cha umma moja kwa moja. Ukapita 1997. (Austin kwa sasa wamebana, hawafiki hata hiyo kumi, lakini mlango upo.)

Kilichonigusa ni walivyoupitisha, manake baraza hilo lina viti 150 na Walatino peke yao wasingefika popote. Wakawaendea wabunge Wazungu wa vijijini, hata wa chama cha Republican, wakawaonyesha kwamba na shule zao za huko mashambani hazipeleki watoto Austin, tatizo letu ni lenu. Hapo ndo nimeelewa umoja kama ule unafanya kazi gani, mnakubaliana kwanza wenyewe chumbani halafu mnatoka mkiwa na kitu cha kumpa mwenzenu, maana mbunge mmoja mmoja angeambiwa asubiri tu.

Na kufika tu mle ndani ilikuwa vita. Zamani kaunti ya Bexar, ndo kwenye San Antonio, wapiga kura wote walichagua wabunge wote kwa pamoja, kwahiyo mitaa ya Wamexico upande wa magharibi hata wajitokeze wote wanamezwa na wengine. Mahakama Kuu ya Marekani ikaufuta utaratibu huo 1973, mwaka uleule MALC inaanza, kaunti ikakatwa vipande na kila mtaa ukaweza kumtafuta mtu wake. Ndo maana kila mipaka ya majimbo ya uchaguzi ikichorwa upya MALC wanaenda mahakamani, mimi nilikuwa naona ni ugomvi wa wanasiasa tu, kumbe wanapigania mtaa usimezwe tena.

Kitu kimoja bado kinaniuma. Mbunge wa Texas analipwa dola 600 kwa mwezi, 7,200 kwa mwaka, pamoja na posho za vikao, na kikao cha kawaida ni siku 140 mara moja kila miaka miwili. Sasa mfanya usafi au dereva ataacha kazi miezi mitano aende bungeni Austin atakula nini? Walatino ni kama asilimia 40 ya watu wa jimbo hili, lakini kwa mshahara huo wanaoweza kugombea ni wenye ofisi zao, na mle ndani nataka kuona na mtu aliyetoka zamu ya usiku kama yule dada wa kazini.

Mwezi wa nane tunampeleka binti. Nimeshamwambia kabla ya kushusha mizigo bwenini tunapita kwanza kwenye lile jengo la mawe mekundu la bunge, nataka aingie ukumbini asimame pale, nimwonyeshe na picha ya mama Rangel kwenye simu.