Miaka ya katikati

Dodoma, Jumapili jioni.

Bunge likiwa kwenye vikao, mji huu hujaa wasifu. Kila mgeni rasmi anasomewa wake kabla hajashika kipaza sauti: amezaliwa, amesoma, mara ameteuliwa. Kati ya cheti cha mwisho na uteuzi mkubwa hakuna kitu. Miaka kumi au kumi na mitano imerukwa kwa mkato mmoja, na ndiyo miaka iliyomtengeneza mtu. Inaniuma kila ninapoisikia ikirukwa.

Mzee Mkapa, kwa mfano. Utasikia Lupaso 1938, Makerere, Rais 1995. Basi. Lakini alipomaliza Makerere mwaka 1962 alianzia kazi hapahapa Dodoma, kama ofisa tawala. Kisha yakaja magazeti: mhariri wa The Nationalist mwaka 1966, wa Daily News 1972, mwandishi wa habari wa Rais 1974, na 1976 mkurugenzi mwanzilishi wa Shihata, shirika la habari la Tanzania. Hiyo ni miaka kumi ya kukata na kunyoosha maneno ya watu wengine. Ukishaijua, hata hotuba zake utazisoma kwa jicho jingine. Hapo pana mtego pia: wapo wanaoandika kwamba alianzia kazi "makao makuu". Dodoma ya 1962 ilikuwa mji wa reli na ofisi za jimbo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanywa 1973.

Dawa ya haya ni karatasi moja kubwa iliyopigwa mistari minne ya kusimama: mwaka, kazi, mahali, chanzo. Shuka mwaka kwa mwaka tangu mtu alipomaliza shule, na usiruke mwaka hata kama huna cha kuandika. Acha nafasi wazi. Pengo la zaidi ya miaka miwili lizungushie wino mwekundu, uanze kulitafuta kwenye magazeti ya wakati huo, Gazeti la Serikali na Taarifa Rasmi za Bunge. Wasifu ulioandikwa na ofisi ya mhusika uje mwisho, maana wenyewe ndio uliofukia mashimo.

Karatasi ya Mzee Mwinyi inafundisha kuliko zote. Bila miaka ya katikati anaonekana kama mtu aliyepanda ngazi taratibu: mwalimu, waziri, Rais wa Zanzibar 1984, Rais wa Muungano 1985. Ijaze, na ngazi inakatika. Alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Mwanza na Shinyanga, kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Kuanzia 1977 akawa balozi Misri, akarudi baraza la mawaziri 1982. Ile miaka ya Cairo mara nyingi hupewa nusu mstari. Mimi ningeipa aya nzima.

Tarehe nazo zina matata yake. Waziri Mkuu wetu huteuliwa na Rais, akathibitishwa na Bunge, kisha akaapishwa, kwa hiyo vitabu viwili vinaweza kutofautiana na vyote vikawa sahihi. Kikwete alichaguliwa tarehe 14 Desemba 2005, akaapishwa tarehe 21. Andika kitenzi kando ya tarehe. "Alikuwa Rais tangu" haitoshi.

Mahali pia huhama bila kuhama. Magufuli anaitwa mtu wa Geita, lakini mkoa huo umeanzishwa 2012. Alipoingia bungeni 1995 jimbo lake liliitwa Biharamulo Mashariki. Weka jina la wakati ule kwanza, la leo kwenye mabano.

Sisi wa Dodoma tunamtaja sana Mzee Malecela, Waziri Mkuu wa 1990 hadi 1994, na ni haki yake. Wachache hukumbuka kuwa mwaka 1964, akiwa na miaka 30 tu, tayari alikuwa anatuwakilisha Umoja wa Mataifa. Bintiye, Dkt. Mwele, anaonewa zaidi. Wasifu wake huanza na jina la baba, kisha ukurugenzi mkuu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mwaka 2010, kisha Shirika la Afya Duniani, ambako tangu 2018 aliongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele hadi alipofariki Februari 2022. Na kabla ya 2010? Alikuwa kituo cha utafiti cha Amani, Muheza, akishughulika na matende na mabusha, maradhi ambayo wagonjwa wake huyaficha chini ya nguo kwa aibu. Hapo kwenye karatasi yake pasiachwe mstari hata mmoja mtupu.