Kibendera kwanza, filimbi baadaye: uzoefu wangu wa uamuzi wa mpira Lubumbashi

Ukitaka kuwa mwamuzi wa mpira hapa Lubumbashi, usikimbilie filimbi. Mimi kazi nilijifunzia pembeni, kibendera mkononi, na sijaona shule bora kuliko hiyo. Njia ya kuingia haina maelezo mengi: unajiandikisha kwa waamuzi wa entente ya mji (chama cha mpira cha mji), unasoma sheria zote 17, unapimwa mbio, unaanza na mechi za vijana.

Kuotea (offside) ndiyo kazi yenyewe, na inahitaji miguu kuliko macho. Lazima uwe sambamba na beki wa pili kutoka mwisho (kipa anahesabiwa), au na mpira ukiwa umempita beki huyo. Ukichelewa nyuma yake mita moja tu, macho yanakudanganya mara mbili: mshambuliaji aliye upande wako ataonekana ameotea kumbe yuko sawa, na yule aliye ng'ambo ya beki ataonekana salama kumbe ameotea. Kwa hiyo nakwenda kiubavu, uso uwanjani, na nageuka kukimbia mbele pale tu mpira mrefu unapopigwa.

Hukumu inashikwa mguu wa mpigaji unapogusa mpira, si mpira unapofika. Mikono haihesabiwi. Kisha nangoja: aliyeotea asipogusa mpira wala kumsumbua beki, kibendera kinabaki chini. Wageni wa kazi wanainua upesi kwa kuogopa mashabiki, wanaua shambulio la mchezaji mwingine aliyetoka nyuma kihalali. Na kwenye mpira wa kurusha, kona au golikiki hakuna kuotea, hata nusu ya mtaa wetu wa Kamalondo ipige kelele.

Refa akipuliza, unaonyesha mahali: kibendera juu kwa upande wa mbali, usawa wa bega kwa katikati, chini kwa upande wako.

Mfukoni nina saa ya akiba, kalamu ya risasi (mvua ya Januari inafuta wino), na kamba yenye fundo kwenye mita 9.15 (umbali wa ukuta) na mita 11 (penalti). Kiangazi, kwenye viwanja vya udongo, chokaa inafutika kabla ya mapumziko. Bila kamba, nukta ya penalti inahama na watu wanapigana.

Kwa pumzi, najipima na kipimo cha FIFA cha refa wa kimataifa wa kiume, kile kinachowahusu akina Jean-Jacques Ndala, refa wa Kongo: mbio 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, kisha mita 75 kwa sekunde 15 na mita 25 za kutembea kwa sekunde 18, mara 40. Wengi huangushwa na kule kutembea. Wanatembea kama wako sokoni, ishara inayofuata inawakuta hawajafika mstarini.

Posho? Ndogo, siku nyingine inaishia kwenye usafiri. Faida niliyoipata ni kujua kusema na mtu mwenye hasira. Sentensi fupi, sauti ya chini, mara moja: «Kocha, nimekusikia.» Akirudia, namwambia arudi kwenye eneo lake. Akirudia tena simjibu. Namwita refa wa kati, namtajia maneno aliyosema kama yalivyo, na kadi inatoka kwake.