Sijida ya kusahau na sinia la mchele wa Bahi

Mwaka juzi, kwa miezi kama minne, nilikuwa nasujudu sijida ya kusahau karibu kila Isha. Naanza vizuri, nikifika katikati sijui tena kama niko rakaa ya tatu au ya nne. Basi nafanya kama tulivyofundishwa madrasa kule Kondoa: nashika idadi ndogo niliyo na yakini nayo, namalizia, kisha sijida mbili kabla ya salamu. Kuna usiku niliswalisha nyumbani, mke wangu, aliyekuwa akiswali nyuma yangu, akapiga makofi mara mbili katika swala moja kunijulisha nimekosea. Tulipomaliza hakusema kitu. Alinitazama tu, akaenda kupakua ugali.

Mimi ni mhasibu serikalini. Anayeifahamu kazi hii anaijua Dodoma ya Aprili hadi Juni. Bunge la bajeti limeanza, kuna watu hawajarejesha masurufu, yaani fedha za kazi walizotanguliziwa, na simu hawapokei, hoja za ukaguzi zinatakiwa zijibiwe leo hii kabla ya saa tisa, na mfumo unagoma saa nane na nusu. Jioni nashuka Nkuhungu, mwili umefika, akili imebaki ofisini Mtumba. Usiku moyo unadunda mpaka nausikia kwenye mto. Nilikwenda kupima. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha tatizo, ila presha ilisoma 150 kwa 95. Daktari akaniandikia dawa, akaniambia nipunguze chumvi, halafu akanielekeza kwa mwanasaikolojia.

Hapo niliogopa kuliko nilivyoiogopa presha. Sisi wa Dodoma, mtu akisikika anakwenda kuonana na wataalamu wa akili, midomoni mwa watu ameshafika Mirembe. Ni utani wa kipuuzi, maana ile ni hospitali na watu wanatibiwa wakarudi makwao, lakini nina hakika umewazuia wengi kutafuta msaada mapema. Nilikwenda Jumamosi, nikiwa nimevaa kofia.

Mwanasaikolojia alinisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kuhusu mazoezi ya kuutuliza moyo kwa kuyaelekeza mawazo kwenye kitu kimoja kilichopo sasa hivi, kwa mfano pumzi. Nikamuuliza moja kwa moja kama hiyo ni dini ya watu. Akanijibu bila kuficha: asili yake ni mafundisho ya Kibudha, lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, Mmarekani mwenye shahada ya biolojia, aliyachukua mazoezi akayaingiza hospitalini kule Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo, bila ibada yoyote. Programu yenyewe ni ya wiki 8, na mtu anatakiwa afanye kama dakika 45 kwa siku. Nikacheka. Dakika 45 wakati wa bajeti! Akasema anza na 10.

Akaniambia pia sababu moja ya kimwili ambayo ilinishika kwa kuwa ni hesabu. Mtu akivuta pumzi, mapigo ya moyo yanaongezeka kidogo, akiitoa, yanapungua. Kwa hiyo ukivuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, unaupa moyo muda mrefu zaidi upande wa kupungua. Nilijaribu pale pale nikiwa nimeshika mshipa wa kifundo cha mkono, nikauhisi.

Nyumbani nikashindwa vibaya. Kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha. Sisi zoezi hili tunaliita kutafakari, na kutafakari kwa Kiswahili nilichokulia ni kulifikiria jambo mpaka mwisho wake. Basi nikikaa sebuleni usiku, macho nimefumba, natafakari kweli kweli: deni la saruji, ada ya Zuhura, nani alisaini ile hati ya malipo. Nikifumbua macho baada ya dakika 10 nimechoka kuliko nilivyoketi. Mguu umekufa ganzi. Siku nyingine nalala kabisa, mke wangu ananiamsha, "Baba Zuhura, ingia ndani ukalale kitandani."

Aliyenitoa hapo ni mama, na hakujua. Alikuja kutoka Kondoa kututembelea, mke wangu amenunua mchele wa Bahi kilo tano, mtamu lakini ule mfuko ulikuwa na vijiwe. Mama akanisogezea sinia. "Chambua, mwanangu, macho yangu siku hizi hayaoni." Sikuwa nimeshika sinia la mchele tangu nikiwa mtoto. Unazisogeza punje chache kwa kidole, unatazama, unatoa kijiwe, unasogeza nyingine. Mawazo yakikimbilia ofisini, kijiwe kinapita. Nilipoanza kuwaza masurufu mama akanyoosha mkono (macho yake yasiyoona!) akatoa jiwe nililolipitisha, akaliweka pembeni bila neno. Nikarudi kwenye punje.

Kumbe zoezi lote lilikuwa hapo. Sikuwa natakiwa kufukuza mawazo. Yatakuja tu, kama vijiwe. Kazi ni kugundua kwamba nimeondoka, nikarudi, hata mara hamsini, bila kujigombeza. Mwanasaikolojia alikuwa ameniambia hivyo hivyo, mimi nikaitikia tu.

Toka siku ile nikaacha kusubiri muda wa peke yake. Kwenye basi la watumishi asubuhi, simu naiacha mfukoni tangu Nzuguni mpaka Ihumwa, nahesabu pumzi. Nikipotea naanza moja. Maji yakitoka, maana mtaani kwetu ni ya mgawo, nasimama bombani nasikiliza ndoo inavyojaa: mwanzo sauti nzito, kadiri maji yanavyopanda inakuwa nyembamba, na ukiisikiliza hasa unafunga koki bila kuchungulia. Miezi ya upepo nasimama nje kidogo jioni, vumbi na yote, nahisi unavyonipiga shavuni. Kumbi-kumbi tu ndio sijaweza kuwavumilia.

Presha imeshuka, lakini sitawadanganya: dawa nameza, chumvi nimepunguza, siwezi kugawa sifa nani kafanya nini. Mwenye dawa zake aendelee nazo. Na mwanasaikolojia alinionya kwamba kuna watu, hasa waliopitia mambo mazito, wakikaa kimya peke yao kumbukumbu zinawavamia na hali inazidi. Hao wanahitaji mtu wa kukaa nao.

Ninachoweza kukisema bila wasiwasi ni kuhusu hasira. Bajeti ya mwaka uliofuata, mkubwa wangu aliingia na karatasi akaniwakia mbele ya wenzangu kwa tarakimu zisizokubaliana. Zamani ningejibu kabla hajamaliza. Safari hii nilihisi masikio yanapata moto. Ni hilo tu, nilihisi masikio. Lakini katika ule muda wa kuhisi masikio nilipata nafasi ndogo, kama pumzi moja, nikasema, "Naomba dakika kumi, mkuu, niangalie." Nikaangalia. Kosa lilikuwa langu, nilihamisha mstari mmoja. Fikiria ningekuwa nimeshamjibu!

Nyumbani mabadiliko ni madogo zaidi, na pengine ndiyo ninayoyathamini. Zuhura akinisimulia habari za shule nazisikia mpaka mwisho, na zina mwisho mrefu. Mke wangu ananiachia sinia la mchele kila Jumapili, sijui kwa ajili ya afya yangu au yeye amepata nafasi ya kupumzika. Sijamuuliza.

Na swala? Wiki iliyopita nilisimama Isha nimetulia kabisa. Nilizisikia aya nilizokuwa nazisoma. Rakaa ya tatu nikajiambia moyoni, mashallah, leo umehudhuria mwenyewe, umefika mbali kweli ukilinganisha na mwaka juzi, hata mama angefurahi, tena nitampigia kesho nimwambie. Nilipokuja kushtuka, sikujua kama ilikuwa bado ya tatu au ilishakuwa ya nne.

Nikashika tatu, nikamalizia, nikasujudu mara mbili.